Shahidi wa Wosia wa Mzee Anaeli

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kwamba Eliudi amefariki, nikapanda Old Moshi kumzika. Nina miaka sabini na ushee na magoti yangu hayapendi tena milima, lakini ipo misiba ambayo mtu haombi ruhusa kwa magoti. Mvua ilikuwa imenyesha, dereva akaogopa utelezi akatushusha njiani, kipande kilichobaki nikakipanda kwa miguu nikishikilia migomba ya watu. Nilipofika wakanisogezea nafasi kwenye benchi, karibu na bibi kizee aliyevaa sweta juu ya khanga mbili. Alikuwa Aikaruwa. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka kumi. Alinishika mkono akakaa nao mpaka ibada ikaisha, na neno pekee aliloniambia muda wote ule ni kwamba tumebaki yeye na mimi. Sikumuuliza tumebaki wa nini. Mchungaji alikuwa akisoma habari za marehemu, kahawa yake, uzee wake wa kanisa, wajukuu wake, lakini mimi nilikuwa nimesharudi kwenye ule mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwa Mzee Anaeli, baba yake Aikaruwa, ambaye kwa Eliudi alikuwa baba mkubwa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati wa unga wa njano na foleni za sabuni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya wa shule ya msingi, Mnyaturu niliyekulia kwenye kambi za mashamba ya miwa kule tambarare. Shule haikuwa na nyumba za walimu, kwa hiyo mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mzee Anaeli, mjane aliyeishi na binti yake mmoja. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya kahawa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia gauni, na harufu ya magunia ambayo iliingia kwenye nywele zangu ikakaa huko mwaka mzima. Upande mmoja wa chumba ulikuwa zizi, nikalala nikisikia ng'ombe akitafuna majani. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa mbao usiofika darini, na nyuma ya ukuta huo ndipo Mzee alipopokea wageni wake. Sikuwahi kutega sikio. Maneno yalinijia yenyewe juu ya mbao, nami sikuwa na mahali pengine pa kusahihishia madaftari.

Hivyo ndivyo nilivyojua shida ya nyumba ile kabla hata sijazoea chakula chake. Mzee hakuwa na mtoto wa kiume. Aikaruwa, aliyekuwa na miaka thelathini na nane, alikuwa ameolewa Machame, akakaa miaka tisa bila kupata mtoto, akarudi kwao na sanduku moja. Kwa desturi ya kule, kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya ukoo ndani yake, hakipewi binti. Siku Mzee akifunga macho kingekwenda kwa Eliudi, mtoto wa mdogo wake marehemu, ambaye kihamba chake kilipakana na kile. Eliudi hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa moyo mweupe. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, mwenye watoto wengi na ardhi kidogo. Alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akanywa pombe ya mbege, akamchekesha Mzee, na akiondoka alipita katikati ya migomba akiitazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua viti vya sebuleni. Jumapili moja nilimsikia akimwambia Mzee asiwe na wasiwasi wowote juu ya Aikaruwa, maana yeye Eliudi atamwachia kile kibanda cha jikoni, dada hatakosa pa kulala. Alisema kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulionitisha, kwa sababu mtu mkali unaweza kubishana naye. Nilisikia Mzee akiweka kikombe mezani.

Aikaruwa alikuwa jikoni wakati huo akiponda kiburu, ndizi na maharage, na najua alisikia. Mwiko haukusimama. Nimeishi na wanawake wengi na nimesoma nao, lakini sijaona mwingine aliyeweza kunyamaza kama yule. Kila siku alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, akarudi na mzigo uliomfunika mpaka mabegani, akakamua, akapika, akamwandalia baba yake mtori wa ndizi laini usiohitaji kutafunwa. Ardhi ile yote ilikuwa imepita mikononi mwake, kwenye samadi aliyoibeba na kahawa aliyoichuma, na ndani ya ardhi hiyo alikuwa anaahidiwa kibanda chenye moshi.

Mzee Anaeli alikuwa na ugonjwa wa kifua. Hospitali walikuwa wamempa dawa na kumruhusu arudi nyumbani, na yeye alielewa ruhusa ile maana yake nini. Siku mbili baada ya ile Jumapili aliniita sebuleni mchana, amevaa koti lake la kanisani, akaniambia nije na daftari. "Mwalimu," akasema, "nataka kusema maneno yangu nikiwa hai, ili yasikike nikiwa sipo." Alisema vilevile kama alivyosema kila asubuhi kwamba maziwa yamepungua. Nilikaa nikamtazama. Mimi nilikuwa na umri ambao kifo ni cha watu wengine, na mbele yangu palikuwa na mtu anayezungumza habari za dunia isiyo na yeye ndani yake, akiipanga, akihangaikia nani atapita wapi. Mpaka leo naona hilo ni moja ya mambo makubwa binadamu anayoweza kufanya, na watu wengi tunalikwepa mpaka tunachelewa.

Tulifanya kazi ile alasiri nne. Aliutaja mpaka wote bila kuinuka kwenye kiti, kutoka kwenye mfereji hadi mti wa mringaringa uliopasuliwa na radi, na masale yaliyopandwa na babu yake kuonyesha mwisho wa shamba. Alitaja migomba kwa aina zake na ng'ombe kwa rangi zao. Nilikuwa naandika kwa penseli, na mkono wangu ulikuwa mdogo kwa vitu vile. Kisha akanituma kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kuuliza karatasi ya namna hii inakubalika vipi. Hakimu alikuwa mtu mkavu, si wa kutoka mlimani, na alinijibu kama anayesoma orodha. Kwanza niachane na penseli, wosia ni wino. Uwe na tarehe. Mwenye mali awe na akili zake na atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe, mtu asimshike mkono. Akiweza kuandika jina lake, mashahidi wawili watatosha, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, wote wajue kusoma na kuandika, wote wawepo akitia sahihi. Akiweka dole gumba, mashahidi wawe wanne. Na mrithi asiwe shahidi. Kuhusu binti, akasema, baba anaweza kumwachia nyumba na kihamba avitumie maisha yake yote, ila asiuze, na baada yake virudi kwenye ukoo. Nilipomweleza Mzee hayo akasema hilo la kutouza ni sawa, ardhi ya babu yake haikuwa kuku wa kupelekwa sokoni.

Kupata mashahidi wanne kulikuwa ndoto. Wawili tu walitutoa jasho. Kila jirani alikuwa wa ukoo, hata balozi wa nyumba kumi, na hakuna aliyetaka kuandika jina lake chini ya jambo ambalo lingemkasirisha Eliudi na wazee. Mwalimu mkuu aliniambia wazi kwamba yeye haingilii mambo ya vihamba vya watu. Mwishowe akapatikana Mzee Kirenga, binamu yake Mzee Anaeli, mzee wa kanisa mwenye ulimi mkali, aliyesema amezeeka mno kuogopa kununiwa. Na asiye wa ukoo nilikuwa mimi.

Hapo ndipo Mzee Anaeli alipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Wosia ulipokuwa tayari kwa wino, akaniambia niongeze mistari miwili. Kirenga apewe beberu mkubwa. Mwalimu apewe mtamba wa ng'ombe mwekundu. Nikamkumbusha alichosema hakimu juu ya mrithi na shahidi. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua mila. "Mrithi ni mtoto wangu," akasema. "Ninyi ni wageni wangu mliokuja kunifanyia kazi." Nami niliandika. Nasema wazi, nilimtaka yule mtamba. Nilikuwa sijawahi kumiliki kitu chenye uhai hata kuku, na usiku ng'ombe yule alikuwa akitafuna sentimita chache kutoka kichwani kwangu. Mzee alitia sahihi upesi na vizuri, Kirenga akafuata, nami nikafuata. Wiki hiyohiyo nilimwandikia baba yangu barua, na nikashindwa kujizuia nikawaambia walimu wenzangu. Baba akajibu kwamba mtamba atapelekwa kwetu Singida na ameshampa jina.

Mimi na Mzee Kirenga tuliupeleka wosia kwa hakimu autazame. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akatuambia hautasimama. Mashahidi wote wawili wanakula kutoka kwenye karatasi wanayoishuhudia. Siku Eliudi atakapoupinga, akasema, utaanguka, na binti atahesabiwa kana kwamba baba yake hakusema neno. Tulirudi njia nzima kimya, na Kirenga kunyamaza halikuwa jambo dogo.

Tulidhani ni suala la kuandika upya, kumbe hatukumjua Mzee Anaeli. Alikataa. Alikasirika kwa sauti ya chini mpaka kifua kikambana. "Niite watu nyumbani kwangu, wanibebee mzigo wangu, kisha waondoke mikono mitupu? Hiyo ni sheria ya watu gani?" Tulimsihi, akageukia ukutani. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili, na kila siku pumzi yake ilikuwa fupi zaidi. Aikaruwa hakusema lolote kwake wala kwangu. Alishuka bondeni, akapanda na majani, akapika mtori ambao sasa baba yake aliuacha nusu. Nilikuwa namwona kutoka dirishani akiinama kulisha, na nikaanza kumwonea haya yule ng'ombe mwekundu, maana kila nilipomtazama niliona mtamba wangu badala ya kuona nyumba ya dada yule.

Sikumbuki ni siku gani niliingia sebuleni bila kuitwa. Nakumbuka nilipiga magoti, jambo ambalo watu wa kule hawalifanyi sana lakini kwetu ndivyo nilivyofundishwa. Nilimweleza kwamba nimemwandikia baba yangu barua nyingine kumwambia mtamba hatakuja, na kwamba namtamani yule mtamba kuliko anavyofikiri. Kisha nikasema, "Babu, usinipe kitu. Nipe kazi tu." Kumkatalia mtu zawadi kule ni kumtukana, na nilikuwa nimemtukana nyumbani kwake. Lakini aliniuliza swali moja tu, kama hakimu amekataza pia watu kula. Nikashuka tena mahakamani kuuliza. Hakimu kwa mara ya kwanza alitabasamu, akasema anachokula shahidi mchana kwa mwenyeji wake sheria haikijui.

Jumamosi iliyofuata beberu akachinjwa. Mzee alitolewa nje kwenye kiti, amefungwa shuka, na nyama ikapangwa mbele yake juu ya majani ya mgomba, akaigawa mwenyewe kama alivyogawa maisha yake yote, akionyesha kwa fimbo. Kidari, pande la heshima, akampa Kirenga. Mimi akanipa pande ambalo kwa kawaida, waliniambia baadaye, hupewa binti wa nyumba akija kuwasalimu wazazi. Kirenga akauliza kama sasa nimekuwa binti, na kama ndivyo, basi tutafute shahidi mwingine. Tulicheka wote, hata Aikaruwa, na Mzee akakohoa kwa kucheka mpaka tukaogopa. Tulikula tukashiba. Kisha tukanawa mikono tukaingia sebuleni.

Nilikuwa na karatasi moja tu nzuri. Karatasi zilikuwa adimu mwaka ule, na zile nyingine ziliishia kwenye wosia wa kwanza. Niliusoma wote kwa sauti, Mzee akiitikia kila kipengele. Nikamwekea kalamu mkononi, na hapo ndipo sote watatu tulipoona kile ambacho wiki zile zilikuwa zimetuibia. Mkono ulitetemeka. Kalamu iligonga meza kabla ya kufika kwenye karatasi. Aikaruwa alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akitaka kuja kumshika baba yake, akasimama, kwa kuwa alijua. Kama mkono ule ungeshindwa lingebaki dole gumba, na mashahidi wawili tusiokuwa nao. Mzee aliweka kalamu chini. Akapumua. Akaiweka mikono yote miwili mapajani mpaka ikatulia, kisha akaichukua tena na kuanza.

Sijui alitumia dakika ngapi. Jina la Anaeli lina herufi sita, na kati ya herufi na herufi alipumzika kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Herufi ya kwanza ilisimama. Ya pili iliinama. Katikati ya ile ya nne kalamu iliteleza ikaacha mstari mrefu pembeni, nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa ameirudia palepale, akaimaliza, akaendelea. Nimefundisha maelfu ya watoto kuandika majina yao, na kila mwaka niliposimama mbele ya darasa la kwanza nilikuwa namwona yule mzee. Nilikuwa nimefikiri kuandika ni jambo la shule. Siku ile niliona mtu anayekaribia kufa akimwekea mtoto wake paa juu ya kichwa kwa herufi sita, na nilijaa hofu ya aina ile tunayoambiwa kanisani tuwe nayo na ambayo kanisani sikuwa nimeipata. Kirenga alipotia sahihi yake alikuwa analia bila kujificha. Yangu, ukiitazama leo, ndiyo mbaya kuliko zote tatu.

Mzee Anaeli alifariki kabla ya mwezi kuisha. Baada ya matanga ukoo ulikaa, Kirenga akausoma wosia, na Eliudi akasimama. Hakupiga kelele. Kwanza alisema ardhi yote sasa ni ya Taifa, kwa hiyo mzee alikuwa anagawa kisicho chake, wazee wakamwuliza kama ni ya Taifa yeye anaitakia nini. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa, kwamba mashahidi wameahidiwa mali, shule nzima inajua mwalimu ana ng'ombe. Jambo likaenda mahakamani. Nilisimama mbele ya hakimu yuleyule nikaapa, huku Aikaruwa akiwa amekaa kwenye benchi la nyuma na sanduku lake lililorudi naye kutoka Machame likiwa, nilijua, limeshafungwa nyumbani. Hakimu akaniuliza marehemu alinipa nini. Nikasema wosia wa kwanza ulinitaja na haukusimama, na huu haunitaji. Akauliza tena, hakunipa chochote kabisa? "Alinipa nyama ya mbuzi," nikasema, "nikaila." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika, akaigeuza ile karatasi moja akaitazama sahihi kwa muda, akasema wosia ni halali.

Tulirudi nyumbani mimi na Aikaruwa kabla ya jua kuzama. Hakusema asante, na mimi sikutazamia. Aliwasha moto, akaanza kumenya ndizi. Tukasikia hatua nje. Miaka yote Eliudi alikuwa akiingia nyumba ile moja kwa moja, kama mtu anavyoingia kwao, akivuta kiti mwenyewe. Jioni ile hatua zilifika mlangoni zikasimama. Niliona kivuli chake kizingitini, kofia iko mkononi.

"Hodi," akasema.

Aikaruwa aliacha kumenya. Alikaa hivyo, kisu kikiwa mkononi, akimwacha mtu yule asubiri, na nadhani alikuwa anasikiliza neno lile likizunguka ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka, akanyoosha khanga yake, akaenda mlangoni.

"Karibu," akasema. "Karibu kwangu."